Kadi ya Namba Saba

Tarehe 6 Machi

Mke wangu mdogo uliyenikimbia, mjukuu wangu,

Pokea salamu za babu yako. Mimi ni mzima kasoro goti, ambalo nikipanda ngazi linalia kama bawaba ya mlango wa choo. Mama yako hajambo, anafoka kama kawaida. Juzi alipaka sebule rangi bila kuniambia, nikaegemea, sasa shati langu moja lina mgongo wa kijani. Paka amezaa ndani ya kofia yangu. Nimemwachia. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Nakuandikia barua makusudi. Kwenye simu ukibanwa kidogo unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Jambo lenyewe ni hili: nimeshinda, na ushindi wenyewe unaninyima usingizi wa mchana.

Nilikuja kwenye mashindano yenu ya bunduki za upepo nikalipa kiingilio kwa mkono wangu, na wewe karani wa klabu ukanigongea muhuri bila hata kunipunguzia kama mume wako. Sawa, kazi ni kazi. Kwa kiingilio hicho nikapewa kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na nusu, kikombe cha chai ambayo majani yaliipita kwa mbali tu, kitambaa cha namba saba cha kubandika mgongoni, na risasi kumi. Sikulalamika. Mimi si mgeni wa mambo haya. Miaka ishirini na sita nilikuwa mbandika shabaha, nakaa ndani ya handaki na ndoo ya gundi, wakubwa wakipiga juu ya utosi wangu, mimi naziba matundu. Watu waliolipa nimewasikia wakinung'unika mpaka nikawajua. Chai mbaya watakusamehe. Benchi lenye misumari watakusamehe. Lakini ukiwacheleweshea matokeo, au ukikaa na kadi ya shabaha ya mtu, hapo umemtukana mama yake.

Ninyi mmefanya yote mawili. Wengine wote walishapewa kadi zao, wanazishika juu kwenye mwanga wanahesabu matundu, mimi nimekaa kwenye miguu yangu mitatu na nusu nangoja. Ukatoka ubao wa matokeo: namba saba, pointi tisini na moja, mshindi wa tatu. Mwenyekiti wenu akanipa kikombe, akanipiga begani kama punda aliyefika sokoni. Nikauliza kadi yangu iko wapi. Ukaniambia, "Babu, basi litakuacha."

Basi lilikaa pale nusu saa nzima. Nilihesabu.

Kadi ni ya aliyelipa. Nitumie kadi yangu. Nina sababu zangu za kuitaka, na sitakuambia.

Ni mimi mumeo mzee,
Babu

*

Tarehe 19 Machi

Babu, bwana wangu mwenye wivu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na pole kwa shati. Mimi sijambo. Nimehama chumba, sasa nakaa juu ya duka la vioo, kila asubuhi naamshwa na mtu anakata kioo chini ya kitanda changu. Kazini tunaendelea. Ofisi yangu ni ileile ya chini ya ngazi. Mtu akipanda juu kwa haraka, vumbi linaangukia kwenye daftari. Kila Ijumaa najifungia nisafishe kabati la kumbukumbu, maana hakuna mwingine anayeligusa.

Malalamiko yako nimeyapokea yote na nimeyapeleka kunakohusika. Kuhusu kiti, tumeviondoa vinne vilivyovunjika. Kuhusu chai, mwenyekiti amesema mashindano yajayo majani yataongezwa. Kuhusu kuchelewa kwa matokeo, siku ile washiriki walikuwa arobaini na mbili na mimi nahesabu kadi peke yangu, kwa hiyo nilirudia baadhi ili kuhakikisha. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu mara mbili.

Kadi yako imefungiwa kabatini na ufunguo anao mwenyekiti, ambaye amesafiri.

Babu, umeshinda. Watu wengine wakishinda wanacheka. Usiku wa kabla ya mashindano ulinipigia simu ukaniambia ukiaibika unaiuza bunduki, unabaki kufuga kuku. Hukuaibika. Sasa kuna ubaya gani? Weka kikombe juu ya televisheni, mtanie mama.

Mama ananiambia wiki iliyopita uliliamkia koti lililotundikwa mlangoni. Ni kweli?

Wako,
Mjukuu

*

Tarehe 27 Machi

Karani,

Leo sikuiti mke wangu. Leo nakuita kwa cheo.

Salamu kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Sisi wazima. Paka watano wote wamefumbua macho, kofia haivaliki tena. Koti nililiamkia, ndiyo. Lilikuwa limesimama wima, limefunga vifungo vyote, lina heshima kuliko wageni wengi wa mama yako.

Sasa nisikilize. Kwenye aya ya kwanza ya barua yako kabati unalisafisha wewe kila Ijumaa na hakuna mwingine anayeligusa. Kwenye aya ya tatu kabati lilelile limefungwa na ufunguo umesafiri. Je, unalisafisha kwa kupuliza kupitia tundu la kufuli? Mimi niliishia darasa la nne, nikafukuzwa kwa kuidondosha kofia ya mwalimu kwa manati, hatua thelathini, bila kumgusa sikio. Lakini kusoma aya mbili zinazogombana naweza.

Halafu kuna jambo la pili. Jumanne nilikwenda kunyolewa. Kinyozi unamjua, ndiye niliyekuja naye kwenye mashindano, akawekwa namba sita, pembeni yangu kushoto. Amenikalisha, amenifunga shuka shingoni, wembe uko juu ya utosi, ananiambia, "Mzee, siku nyingine ukitaka kunichangia risasi niambie mapema, nisihangaike kununua."

Nikamwambia, "Nyoa. Unasema nini?"

"Kadi yangu ilikuwa na matundu kumi na mbili. Mimi nimepiga kumi. Mbili nani kanizawadia, malaika?"

"Ukamwambia karani?"

"Nilimwambia. Akasema mbili hizo ni matundu ya misumari ya ubao."

"Nawe ukakubali?"

"Mzee, hata kwa kumi zilizo bora kati ya kumi na mbili nilikuwa wa kumi na moja. Nigombee nini?" Akacheka mpaka nikamwomba aweke wembe mezani kwanza.

Misumari! Mjukuu wangu, ubao wenu nimeuona, misumari iko kwenye pembe nne za kadi. Msumari gani unatembea mpaka katikati ya shabaha, unatoboa, unarudi kwenye pembe yake? Kinyozi anasema matundu yale mawili yalikuwa yamekaa vizuri, kwenye duara la tisa. Huo ni msumari uliofanya mazoezi.

Sikuulizi chochote. Nataka kadi tu. Na nakuonya, nikikosa jibu la maana nitamwandikia mwenyekiti wenu moja kwa moja, kwa mwandiko huuhuu, na atausoma.

Babu

*

Tarehe 21 Aprili

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Kwenye klabu tulikuwa tunapaka chokaa ukumbi.

Usimwandikie mwenyekiti. Nakuomba. Mwenyekiti ni mtu wa kanuni, na akishapokea barua ya malalamiko inabidi aifungulie faili, aite kamati, aulize kila aliyegusa kadi siku ile. Aliyegusa kadi siku ile ni mimi peke yangu. Kazi hii nimeitafuta miaka miwili, na unajua.

Halafu niulize na mimi. Kwa nini mwandiko wako umenenepa? Barua yako ya mwaka jana ilikuwa ukurasa mmoja, maneno yamejipanga kama meno. Hii ya sasa ni kurasa nne, na mistari inashuka upande wa kulia kama maji yanatafuta mtaro. Mama anasema chai unaimimina pembeni ya kikombe. Anasema pia ulikwenda kwa daktari wa macho mwezi wa kwanza, akaniambia nisikuulize. Sasa nakuuliza.

Umeniambia una sababu zako za kuitaka kadi. Sababu gani?

Mjukuu wako

*

Tarehe 28 Aprili

Mjukuu,

Wazima sote. Paka wawili wamechukuliwa na jirani, watatu wamenibakia.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu kwa msaada wa dirisha. Umeniuliza swali, nitakujibu, halafu tuone na wewe kama utanijibu.

Daktari aliniangalia jicho la kulia, lile la kulengea. Akasema nina mtoto wa jicho. Nikamwambia nina watoto watano, wote wananitosha, huyu wa sita sikumtafuta. Akasema ni kazi ndogo, wananipasua asubuhi, jioni niko nyumbani, lakini kadiri ninavyongoja ndivyo kazi inavyokuwa ngumu kwao. Nikamwambia wembe mimi namruhusu Kinyozi tu, tena utosini.

Mama yako akalia, akanuna, akanibamizia mlango. Wiki mbili hatukusemezana ila kupitia paka. Mwishowe tukapatana, tukashikana mikono jikoni. Niende kwenye mashindano yenu. Nikipita pointi themanini, jicho langu lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Nikiwa na themanini au chini yake, naenda kupasuliwa na sitoi neno.

Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye karani. Nilitaka kadi ihesabiwe na mtu asiyejua kitu.

Nimerudi na tisini na moja. Mama yako amenyamaza. Amekitazama kikombe, amenyamaza. Barua ya hospitali ya kunipa siku ilikuja, ameitia kwenye droo ya vijiko. Ni mwanamke wa neno lake.

Na mimi nakaa hapa na kikombe juu ya televisheni, jicho la kulia linaona televisheni mbili na vikombe viwili. Sasa nakuuliza kwa upole kuliko nilivyowahi kumuuliza mtu: mwenye jicho la namna hii anapataje tisini na moja?

Kama ni zangu, basi daktari ni mwongo, nami nitacheka mpaka mwaka uishe. Kama si zangu, kuna mtu amenihurumia, na huruma yake inanipofua polepole. Ndiyo maana nataka kadi. Kwa mwenyekiti sitaandika. Nilikutisha tu. Lakini wewe nitazidi kukuandikia.

Babu

*

Tarehe 23 Mei

Babu,

Shikamoo.

Kadi yako hii hapa. Nimeifunga katikati ya makaratasi mawili magumu isikunjike.

Sina la kuandika zaidi. Ishike mwenyewe.

Mjukuu

*

Tarehe 30 Mei

Mke wangu mdogo,

Nimekurudishia cheo chako, utaona kwa nini.

Kadi imefika Alhamisi. Mama yako alitaka kunisomea, nikamwambia aondoke na miwani yake. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikafumba macho yote mawili, zima na bovu, nikaigeuza kadi mgongo juu, nikapitisha kidole gumba.

Ulikuwa na miaka saba nilipokufundisha. Ulikuja handakini kwangu na kandambili zako nyekundu, nikakupa kadi kuukuu, nikakuambia: risasi bapa ya bunduki ya upepo inakata karatasi mviringo, safi, kama ametoboa mtu wa ofisi kwa mashine yake, kingine chochote chenye ncha kinaisukuma karatasi nyuma, inachanua kama ua, ukipitisha kidole inakukwaruza. Ulikaa hapo siku nzima na vidole vyako vidogo ukisema, "Risasi. Risasi. Mwiba. Risasi."

Nimepitisha kidole. Risasi. Risasi. Risasi. Nane. Halafu yamenikwaruza mawili. Nikanusa kidole. Penseli.

Sasa wewe. Mtu wa kwanza duniani anayejua kwamba nitaligundua tundu la penseli ni wewe. Ungetaka kunidanganya mpaka mwisho ungenitumia barua ya kusema panya wameila kadi. Umenitumia yenyewe, ukaniandikia "ishike", hukuandika "isome". Nimekuelewa.

Na mimi sasa nitoboe langu. Nimekushutumu barua tatu kwamba unaficha, na mimi nimekaa na la kwangu tumboni kama mtu aliyemeza punje ya mahindi ya moto. Nilijua. Risasi nane za kwanza nilipiga kwa mazoea ya mwili. Nilipoinua bunduki kwa ya tisa, shabaha zilikuwa mbili, zimekaa pamoja kama mapacha wanaopigwa picha. Nikachagua ile iliyosimama vizuri zaidi. Ikawa ya Kinyozi. Na ya kumi vilevile. Nilisikia kadi yake ikilia, maana kadi ya pembeni ina mlio wake, mbandika shabaha hapotezi. Nyuma ya fomu yenu ya kiingilio imeandikwa: atakayepiga shabaha ya jirani ajitaje palepale kwa mwamuzi. Hata kanuni hiyo niliilipia. Nikaishusha bunduki, nikanyamaza, nikaenda kunywa chai yenu mbaya.

Wewe ulitoboa, mimi nilinyamaza. Hapo tumelingana, hakuna wa kumpandia mwenzake kichwani.

Matundu nane, hata yote yangekuwa kumikumi, yasingezidi themanini. Mkataba wa jikoni umenibana. Nimeitoa barua ya hospitali kwenye droo ya vijiko, nikampa mama yako, akanikatia mkate mnene. Siku tumepata tarehe kumi na mbili Julai. Ninaogopa sana, usimwambie.

Lakini kuna mtu wa tatu. Aliyekuwa wa nne. Nani yule? Naye alilipa kiingilio kilekile, akakalia viti vilevile. Kikombe chake kiko kwangu, mama yako ameanza kukitilia vipini vyake vya nywele.

Halafu niambie, bila mawili yale nilipata ngapi hasa? Maduara ya pointi yamechapwa tu, kidole hakiyasomi.

Babu yako

*

Tarehe 17 Juni

Babu,

Shikamoo. Nilichana barua tatu kabla ya kukutumia ile kadi. Ya kwanza ilikuwa na uongo, ya pili ilikuwa na kilio, ya tatu ilikuwa na vyote.

Nikuambie ilivyokuwa, halafu tusirudie. Nilikuwa chini ya ngazi na kadi arobaini na mbili. Nikaifikia namba sita, ina matundu kumi na mbili. Nikafungua namba saba, ina nane. Nikajua. Zile mbili zilikuwa tisa na tisa, babu, nzuri kabisa, ungezipiga kwenye kadi yako wala tusingekuwa na maneno. Nikakumbuka simu yako ya kuuza bunduki. Penseli ilikuwa mkononi. Nilijiambia sizui kitu, ninahamisha tu kilichopotea njia.

Ulipoandika habari ya mkataba wa jikoni nilikwenda kulifungua kabati.

Jumatatu nilipanda juu kwa mwenyekiti na kanuni mkononi. Nikamwambia yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniuliza, "Wa nne nani?" Nikamwambia ni fundi cherehani, yule mama wa namba thelathini, alipata tisini. Akampigia simu palepale, nikiwa nimesimama. Fundi alikuja na futi ya kupimia bado shingoni. Nikaomba radhi. Alinitazama weee. Akasema, "Mimi nilikwenda nyumbani nikajiuliza mwezi mzima nilivuta risasi gani vibaya. Nilibadilisha mpaka kiti cha kukalia. Kumbe sikukosea popote." Hilo ndilo lililoniuma, kuliko kama angenipiga.

Halafu akasema, "Na huyo mzee alete kikombe mwenyewe, kisafi."

Kamati imekaa. Kazi sijaipoteza, lakini kadi siruhusiwi kuzigusa mwaka mzima. Fundi cherehani ndiye atakayehesabu. Anahesabu kwa kuchoma sindano pembeni ya kila tundu, hakosei. Mimi nimehamishiwa kwenye chai. Na wewe umefutiwa matokeo, na mashindano ya mwezi wa tisa huruhusiwi. Ya Desemba unaruhusiwa.

Pointi zako sikuambii. Nilizihesabu kabla ya kutoboa, nikaziandika kwenye kona, halafu nikafuta. Zipo bado kwa anayeona. Ukitoka hospitali zisome mwenyewe.

Mke wako mdogo, mpika chai

*

Tarehe 9 Agosti

Mpika chai wangu,

Tazama mwandiko. Ukurasa mmoja! Nimerudi kwenye mistari kama mtu aliyetoka jela.

Wazima sote. Mama yako ameonekana ana mvi, nimemwambia, akaninunia. Alikuwa nazo siku zote, ni mimi nilikuwa sizioni. Sebule kumbe haikupakwa kijani, imepakwa samawati, na shati langu vilevile. Paka mmoja niliyekuwa namwita Mweupe ni wa manjano, lakini jina ameshalizoea.

Kupasuliwa sikusikia chochote. Nililia kidogo kabla. Daktari alisema machozi yanasafisha, nikamwambia basi asitumie dawa.

Kikombe nilikipeleka mwenyewe Jumamosi, nimekisugua kwa majivu mpaka naona pua yangu. Duka la fundi ni dogo, vitambaa mpaka darini, nguo za watu zimetundikwa na majina yao. Safari hii sikuliamkia koti hata moja. Akakigeuza kikombe, akatazama chini, akatazama ndani, akanusa. "Kilikaa na vipini?" Nikamwambia ni binti yangu. Nikamwambia pia kwamba siku ile nilisikia risasi zangu zikienda kwa jirani, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulimla yeye mwezi mzima. Akanyoosha mkono tukaamkiana. "Desemba nitahesabu kadi yako," akasema, "na huruma sinayo." Nikatoka dukani mwake nimesimama wima.

Mke wangu, ungeniuliza mlipa kiingilio anataka nini, zamani ningekutajia chai na kiti. Nimeambatanisha fomu ya Desemba na kiingilio chake. Mnikalishe popote, hata kwenye ndoo. Chai najua itakuwa nzuri, maana mpishi wake ana deni na mimi. Lakini kadi niipate mkononi kabla sijapanda basi, na matundu yawe yale niliyotoboa mimi, hata yakiwa manne.

Jana niliitoa ile ya zamani sandukuni. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikaiinamisha upande wa jua. Kwenye kona, chini ya tisini na moja ya wino, kuna alama ya penseli iliyofutwa. Ulifuta kwa nguvu, karatasi imekonda, lakini ulikuwa umeiandika kwa nguvu zaidi.

Nikachukua kalamu, nikapita juu yake polepole, saba halafu tatu. Nimeibandika ukutani, pale kikombe kilipokuwa.

Mumeo mzee,
Sabini na Tatu